Blanketi la Barafu

Kwa siku tatu Genoveva alikuwa amefunga kinywa chake kama mtu aliyeapa. Surua yenyewe ilikuwa imekwisha kumwacha. Vipele vimekauka, ngozi inabanduka taratibu mabegani, macho yameanza kuvumilia mwanga. Lakini ilipoondoka ilimwachia vidonda mdomoni, juu ya ulimi na ndani ya mashavu, na mtoto wa miaka mitano huwezi kumbembeleza asisikie kidonda. Kijiko kikikaribia, anageuza uso ukutani.

Bibi yake, Kokushubila, alikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda, kikombe cha uji mkononi. Uji ule ulikuwa umepashwa moto mara tatu asubuhi hiyo, na mara tatu umepoa.

"Kijiko kimoja tu, mjukuu wangu. Kimoja cha bibi."

Genoveva akatikisa kichwa.

"Basi nusu. Nusu si kitu. Nusu hata nzi anaimeza."

Pembe ya mdomo wa mtoto ilitaka kucheka, ikakumbuka kidonda, ikaacha.

Jana yake, Jumatatu, baba wa mtoto, Adelard, karani wa bandarini, alikuwa amembeba hadi zahanati, bibi akiwafuata. Dresa, msaidizi wa tabibu, alikuwa bwana mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimwangalia mtoto mdomoni, akaibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaona inavyochelewa kurudi mahali pake.

"Dawa ya kupaka nitawapa, lakini anachohitaji ni maji," alisema. "Chochote kile, ilimradi kipite kooni. Kikiwa cha baridi kitampoza. Asipokunywa mpaka Ijumaa asubuhi, mleteni alazwe, tumpitishie mpira puani."

Hakuwatuma wapange mstari wa dirisha la dawa. Alikwenda kuichukua mwenyewe. Kokushubila aliliona hilo, akaliweka moyoni. Lakini neno la mpira puani lilikaa juu ya kila kitu.

Yeye mwenyewe alikuwa na sababu ya kuogopa ambayo hakuwahi kumweleza Adelard. Kabla ya Adelard alizaa binti, Apolonia, kule Bukoba. Apolonia hakuuawa na surua. Surua ilipita, vipele vikakauka, watu wakaja kupongeza, na mtoto akaondoka siku ya sita kwa sababu kinywa kilikataa kufunguka. Kokushubila alikuwa mama kijana wakati ule, akidhani mtoto anayekataa chakula atakitaka kesho. Sasa alikuwa mzee na alijua kwamba kesho haimsubiri mtu. Ndiyo maana mkewe Adelard, Tekla, alipojifungua na kupelekwa na kichanga chake kwa dada yake Ilala ili surua isiwafikie, Kokushubila alisema, "Genoveva niachieni mimi." Alilisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia, na Adelard alimtazama.

Kokushubila alikuwa na miezi miwili tu Temeke. Alikuja kwa meli ya ziwa na gari la moshi, na bado mji ulikuwa unamchanganya. Maji yalitoka kwenye mfereji wenye zamu. Ndizi zilinunuliwa kwa kuhesabiwa mojamoja kama mayai. Majirani walimsalimu kwa Kiswahili cha mbio, na kabla hajamaliza kujibu walikuwa wamekwisha kupita.

Jumanne ileile, jua lilipoanza kulegea, mtu alibisha hodi uani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa Rubab, mke wa Kutbuddin mwenye duka la pembeni. Rubab alizaliwa Kilwa, na Kiswahili chake kilitiririka hata Kokushubila akaona haya kidogo kufungua kinywa mbele yake. Siku zote mikono ya mwanamke huyu ilikuwa inalia kwa bangili, ukimsikia kabla hujamwona. Leo ilikuwa mitupu. Macho yake yamevimba, hakupaka wanja. Kokushubila aliona, lakini hakuuliza. Mikononi Rubab alishika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Nimesikia mtoto hali," alisema. "Nimemletea barafu ya machungwa. Mie mwenyewe nimeigandisha, haina kitu ila maji ya machungwa."

Kokushubila alichungulia. Ilikuwa kama mchanga wa rangi ya dhahabu, lakini mchanga unaotoa moshi. Aligusa kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Mawe!" alimaka, kwa neno la mshangao la kwao Bukoba. "Inaunguza!"

"Ni baridi, mama."

"Baridi inaunguza?"

"Inaunguza kwa baridi."

Kokushubila aliamua kuliacha neno hilo lilivyo. Rubab akachota kidogo, akakisogeza kijiko mdomoni pa Genoveva, na mtoto, labda kwa mshangao wa ule moshi, akafungua. Akafumba. Macho yakapanuka. Akameza! Kokushubila alisikia koo lile dogo likifanya kazi. Kijiko cha pili kikapita. Cha tatu ndicho kilichoharibu. Barafu ilipoyeyuka, uchachu wa machungwa ukavipata vidonda, na Genoveva akapiga yowe ambalo hakuwa na nguvu ya kulipiga siku nyingi. Tangu hapo kijiko kikawa adui, kiwe na nini kisiwe na nini.

"Masikini! Yamemuwasha," Rubab alisema, akajishika kifua. "Sikufikiri. Nisamehe, mama. Sikufikiri kabisa."

"Amemeza viwili, mwanangu. Siku tatu hajameza viwili."

Rubab hakukaa, lakini alirudi baadaye na mzigo kifuani kama amebeba mtoto mchanga. Alikuwa ameuviringisha katika blanketi kuukuu la kijivu. Ndani mlikuwa na bonge la barafu, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lililoletwa na rikwama kutoka mjini. Akatoa na karatasi ya chumvi ya mawe.

"Utavunja barafu, uiweke ndani ya ndoo, unyunyize chumvi. Katikati unaweka mkebe wenye maji ya tunda lolote lisilo chachu, halafu unauzungusha, unauzungusha, usichoke. Yataganda. Leo mwache apumzike, mjaribu kesho asubuhi."

"Chumvi inaingia kwenye tunda?"

"La, haiingii kabisa! Inakaa nje, kwenye barafu."

"Nani anakula chumvi hiyo?"

"Hailiwi na mtu. Inamwagwa."

Chumvi ya kumwagwa! Kokushubila alikulia mahali ambapo, enzi za bibi yake, chumvi ilisafirishwa siku nyingi kwa mabega ya watu, na mtoto aliyeimwaga hakuisahau siku hiyo. Alishukuru, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaificha juu ya kabati. Alijiambia kwamba Rubab ni mkarimu mno, na mtu mkarimu mno hulindwa dhidi ya ukarimu wake.

Kisha akabaki na lile bonge.

Alilitazama lilivyolala ndani ya blanketi kama mgonjwa wa homa. Akawaza. Blanketi ni la kumpa mtu joto. Adui wa barafu ni joto. Kwa nini basi Rubab, mwenye akili zake, aivishe barafu blanketi? Akaona jibu. Alilivisha ili mikono yake isiungue njiani. Sasa limefika. Kuliacha humo ni kulipika.

Kwa upole mwingi Kokushubila akalivua lile bonge blanketi lake. Akaliweka kwenye beseni, penye upepo, karibu na dirisha. Blanketi akalianika likauke, akalikunja vizuri kona kwa kona kwa ajili ya kulirudisha.

Asubuhi ya Jumatano beseni lilikuwa limejaa maji, safi, matulivu, na ndani yake kijiti kimoja cha taka kinaelea.

Kwanza alidhani mtu amelichukua bonge na kuacha maji kama malipo. Akatazama mlango: komeo mahali pake. Akatazama chini ya kitanda. Akainama juu ya beseni tena, akachovya kidole, akakilamba. Maji. Hata baridi hayakuwa nayo.

"Adelard," aliita, "barafu imekwenda wapi?"

Adelard alikuwa anafunga tai mbele ya kioo kilichovunjika kona. "Imeyeyuka, mama. Barafu inayeyuka."

"Najua inayeyuka. Nimeliweka penye upepo lisiyeyuke."

"Mama, mie nachelewa. Jioni nitaleta ndizi."

Siku hiyo yote Genoveva hakumeza kitu. Midomo ilianza kupasuka. Kokushubila alilowesha kitambaa akampangusa nacho, na tone moja moja lililopenya ndilo alilohesabu kuwa chakula. Angeweza kwenda dukani, ni hatua hamsini tu. Lakini angesema nini? Mtu anakupa mali yake, anaibeba kifuani, nawe unaiacha igeuke maji ya kunawia miguu, halafu unarudi na mikono mitupu kuomba nyingine? Aibu ilimkalisha kwenye kigoda mpaka jua likazama. Adelard alirudi na kichana cha ndizi mbivu, zile fupi nene zenye ngozi nyembamba, zenye harufu ya nyumbani kwao. Genoveva alizinusa, akageuza uso.

Alhamisi alfajiri Kokushubila alimgusa mtoto kwenye tumbo, akaibana ngozi kama dresa alivyofanya. Ilisimama kama kitambaa kilichotiwa wanga. Kesho ni Ijumaa. Na siku ya sita pia ilikuwa kesho.

Aibu ikamtoka yote kama jasho. Alimbeba Genoveva mgongoni, akamfunga kwa kanga, akaenda dukani kuomba.

Mlango wa duka ulikuwa umefungwa siku ya kazi. Alizunguka uani, na huko akasimama. Viatu vya wanawake vimejaa kizingitini. Ndani, sauti ya mwanamke mmoja mzee inasimulia jambo kwa lugha asiyoijua, polepole, na kila akifika mahali fulani wanawake wanalia. Si kilio cha kujionyesha. Kilikuwa kile cha chini, kinachotoka tumboni. Alichungulia kupitia pazia, akamwona Rubab ameketi mkekani, uso umelowa.

Kokushubila akaelewa yote kwa mara moja. Mikono bila bangili. Macho yaliyovimba. Duka lililofungwa. Hawa watu wamefiwa! Na yule binti, katikati ya msiba wake, alimgandishia mtoto wa jirani machungwa.

Alivyolelewa yeye, nyumba ya msiba haiingiwi mikono mitupu, na tena haiombwi kitu, hata kaa la kuwashia moto. Aombaye kwa wafiwa anawaongezea kufiwa. Alisimama pale uani, mtoto mgongoni anapumua kwa kasi ndogo, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asingelelewa vizuri. Kisha akageuka, akarudi nyumbani, akachukua kichana chote cha ndizi, akachukua na lile blanketi lililokunjwa, akarudi navyo.

Alivua ndara. Akaingia ameinama, akaweka ndizi mkekani mbele ya Rubab, na blanketi juu yake.

"Poleni, wanangu," alisema. "Poleni sana kwa msiba. Sikujua. Mungu awape nguvu."

Masimulizi yakakatika. Machozi yakamjaa Rubab upya, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, mama. Ahsante. Hakuna jirani aliyewahi kuja kutupa pole."

Neno hilo lilimshangaza Kokushubila. Jirani gani asiyetoa pole? Alijisogezea nafasi mkekani, akamfungua Genoveva akampakata. Mama mkwe wa Rubab, Bi Nurbanu, ndiye aliyekuwa anasimulia. Alikuwa mwembamba, mwenye pua kali, miguu yake haikuweza tena safari ya kwenda kusali mjini, na ndiyo sababu wanawake wachache walikusanyika kwake. Aliendelea. Wanawake walilia, na Kokushubila, ambaye hakuelewa hata neno moja, alilia nao. Alilia kwa sababu kilio ni kilio. Halafu bila kutaka akawa anamlilia Apolonia, miaka arobaini na moja baada ya kumzika. Mwanamke aliyekaa karibu yake alimpa ncha ya mtandio wake ajifute, bila kumgeukia, kama dada.

Masimulizi yalipotulia, aliinama kwa Rubab.

"Ni nani aliyefariki, mwanangu?"

"Wengi, mama. Lakini sasa hivi tulikuwa tunamlilia mtoto. Mtoto mchanga. Miezi sita."

"Mawe! Miezi sita! Aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikufa kwa kiu. Walizuiwa maji, siku tatu, na mto uko pale wanauona."

Kokushubila alishika kifua. Nani azuie maji, hapa Temeke? Alifikiria mfereji na zamu zake.

"Ilikuwa lini?"

"Siku kama ya leo."

"Mwaka jana?"

Rubab alijifuta uso. "Miaka elfu moja na mia tatu imepita, mama. Ni mtoto wa ukoo wa Mtume."

Kokushubila alidhani masikio yake yamechoka. Akahesabu kwa vidole: mia moja ni bibi wa bibi yake. Mia mbili hakuna anayemjua mtu. Aliwatazama wanawake wale, mmoja mmoja, macho mekundu, pua zinavuta. Hawakuwa wanaigiza. Alitaka kuuliza kama kwao miaka inahesabiwa kwa namna nyingine. Kabla hajapata maneno, sauti nyembamba ilitoka mapajani mwake.

"Alikuwa na vidonda?"

Ni Genoveva. Hakuwa amesema neno tangu Jumapili.

Rubab aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Nani, mwanangu?"

"Huyo mtoto. Alikuwa na vidonda mdomoni?"

"La. Yeye alitaka kunywa. Walimnyima."

Genoveva alilifikiria jambo hilo kwa uzito, kipaji cha uso wake kimekunjamana. Ilionekana wazi kwamba halikumwingia akilini. Wala bibi yake halikumwingia.

"Ndiyo maana siku hizi kila mtoto apitaye mlangoni kwetu anapewa cha baridi," Rubab alisema. "Mchana utawaona, watajaa barabara nzima. Na huyu wetu je? Barafu ilimfaa?"

Hapo Kokushubila alitazama chini. Alitamani kusema ilifaa. Lakini mbele ya watu wanaolia hivi, uongo haukumtoka.

"Sikugandisha kitu, mwanangu. Bonge lako limegeuka maji."

"Usiku huohuo? Hata ndani ya blanketi?"

"Nililivua."

"Ulilivua?"

"Nililivua blanketi, waitu, wenzangu, lisipate joto. Nikaliweka penye upepo."

Kisha mwanamke aliyempa mtandio akatoa sauti kama ya chafya. Mwingine akaziba mdomo. Rubab aliuma midomo, mabega yakaanza kutikisika. Haikuwa siku ya kucheka, wote walijua, na kujua kukawafanya wazidiwe.

"Kimya!" Bi Nurbanu alisema kwa Kiswahili, na wakakoma. Alimgeukia Kokushubila. Macho yake yalikuwa makali, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Mama, wewe ulikuja hapa asubuhi hii kutaka barafu?"

Kokushubila alimvuta Genoveva karibu zaidi.

"Nilikuona kwenye pazia. Ukaondoka, ukarudi na ndizi. Mtoto wako midomo inapasuka, nawe unatuletea ndizi?"

"Kwetu nyumba ya msiba haiombwi kitu."

"Na kwetu," Bi Nurbanu alisema, "leo mtoto akitoka mlangoni mwangu na kiu, mimi nitamtazama vipi yule ninayemlilia? Rubab! Inuka. Lete ndoo."

Mambo yakaanza kwenda haraka. Uani, chini ya magunia na unga wa mbao, yalilala mabonge manne ya barafu yakisubiri sharubati ya mchana, yamefunikwa kweli kama wagonjwa. Rubab aliligonga moja kwa nyundo ndani ya gunia. Bi Nurbanu akaletewa kiti akakaa mbele yao kama msimamizi wa barabara.

"Si machungwa tena," alisema. "Machungwa yanachoma. Na sukari usitie hata chembe, kidonda hakipendi sukari. Hizo ndizi zinanuka vizuri. Nani anajua ndizi hapa?"

"Ndizi?" Kokushubila alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike Dar es Salaam alikijua kitu kuliko wote waliomzunguka. Alizichagua zile zenye madoa meusi, akaziacha zilizokuwa bado ngumu. Alizimenya, akatoa ule uzi wa katikati ambao mtu wa pwani hajui kwamba unakwaruza koo, akaziponda kwa mwiko mpaka zikawa laini kama losheni. Rubab akakuna nazi, akakamua tui zito, akalimimina humo. Likakorogwa, likaingia kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko, na mkebe ukazikwa ndani ya ndoo ya barafu.

"Sasa chumvi," Rubab alisema.

Kokushubila alimwona akitupa chumvi konzi kwa konzi, kama mtu anayelisha kuku, na moyo wake ukalia kwa kila konzi. Barafu ikaanza kutoa jasho. Maji yakajikusanya chini ya ndoo.

"Inayeyuka!" alisema kwa hofu. "Mwanangu, chumvi inaiua barafu yako!"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Inayeyuka ili igandishe?"

"Zungusha, mama."

Akauzungusha. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kiganja juu ya kifuniko. Mkebe ulianza kuota ukungu, kisha ngozi nyeupe kama chokaa. Barafu inayeyuka, na ndani ya mkebe kitu kinakuwa kigumu. Alikisikia kinavyokuwa kizito chini ya kiganja chake. Hakuelewa. Vidole vilikufa ganzi, akabadilisha mkono. Mwanamke wa mtandio alikuja kumpokea, akamkatalia. Akaendelea, kushoto, kulia, na ndani ya kichwa chake mambo nayo yakizunguka, blanketi la kulinda baridi, chumvi ya kumwagwa, mtoto wa miaka elfu moja na mia tatu anayeliliwa kama wa jana. Alipotazama kando, Genoveva alikuwa amekaa mapajani kwa Bi Nurbanu, wanatazamana.

Rubab alifunua mkebe. Ilikuwa rangi ya maziwa, imesimama, mwiko ukisimama ndani yake wenyewe. Akachota kijiko.

Genoveva akageuza uso.

"Inawasha," alisema.

"Hii haiwashi."

"Inawasha."

"Onja wewe basi aone," Kokushubila alimwambia Rubab.

"Siwezi, mama. Leo hatuli wala hatunywi mpaka alasiri. Onja wewe."

Kokushubila alichota kijiko kilichojaa, kama mtu anayekula ugali, akakitia chote mdomoni. Baridi ikampiga meno, ikampanda puani, ikamgonga katikati ya kipaji. Akasimama. Akakishika kichwa. Akapiga hatua mbili kwenda mbele na moja kurudi nyuma, macho yamemtoka, midomo imefumbwa kwa nguvu kwa sababu hakutaka kutema sadaka ya watu.

Genoveva alicheka.

Alicheka kwa sauti, na kidonda kilipomuuma akacheka hivyohivyo huku amejishika shavu. Na kinywa kikiwa wazi, Bi Nurbanu, ambaye alikuwa amelea watoto tisa, alipenyeza ncha ya kijiko.

Kila mtu uani akaacha kupumua. Mtoto akafumba mdomo. Akangoja uchachu. Kipaji kikakunjamana, kikakunjuka. Baridi ilikuwa inalala juu ya vidonda kama mkono wa mtu, na nyuma ya baridi hapakuwa na kitu ila utamu wa ndizi. Koo likapanda, likashuka.

"Ingine," alisema.

Kokushubila alikuwa bado ameshika kichwa. Alikaa chini palepale mchangani, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Genoveva alikula robo ya mkebe, kijiko baada ya kijiko, kisha akanywa nusu gilasi ya maji yaliyopozwa, kisha akalala begani kwa Bi Nurbanu na mdomo wazi. Wanawake walirudi mkekani kwao. Bibi mwenye pua kali aliendelea na masimulizi yake kutoka mahali alipoachia, na mtoto wa Kihaya akikoroma begani.

Adelard alirudi saa kumi na moja jioni, ametembea kwa haraka, kola imelowa. Siku nzima alikuwa amekwisha kuupanga moyo wake kwa safari ya Ijumaa. Alimkuta binti yake ameketi kitandani na kibakuli, akilamba kijiko mbele na nyuma. Sakafuni, kwenye kona yenye giza, palikuwa na kitu kimeviringishwa ndani ya blanketi la kijivu, na juu ya blanketi la kijivu blanketi jingine jekundu, lile zuri la mama yake alilotoka nalo Bukoba.

"Nani amelala hapa?" aliuliza, akainama, akashika ncha.

"Baba, usilivue!" Genoveva alipiga kelele. "Utaliua!"

Adelard aliiachia ncha. Alimtazama mtoto aliyepiga kelele, akatazama kibakuli, akamgeukia mama yake.

"Mama. Umeifunika barafu blanketi lako?"

"Ndiyo. Na wewe usipite karibu nalo umetoka juani." Kokushubila alikuwa anaponda ndizi za kesho, alizopewa na Rubab pamoja na bonge jipya. Karatasi ya chumvi ilikuwa imeshuka kutoka juu ya kabati, iko wazi kando ya ndoo. "Wewe umesoma, Adelard. Nieleze. Chumvi inayeyusha barafu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ikiyeyuka inagandisha."

"Ndiyo. Kwa sababu... joto la..." Adelard alivua kofia, akajikuna. "Shuleni tulifundishwa. Ni kwamba barafu inapo... Mama, mie ni karani."

"Na mtu akifa miaka elfu moja na mia tatu, bado analiliwa?"

Adelard alikaa kitandani kando ya binti yake. Genoveva alimsogezea kijiko mdomoni, akakilamba.

"Basi," Kokushubila alisema, zaidi kwa ndizi kuliko kwa mwanawe. Apolonia alikuwa na miaka arobaini na moja tu tangu azikwe.

Alipomaliza alinawa, akaenda kwenye kona, akapenyeza mkono taratibu chini ya blanketi jekundu, chini ya lile la kijivu, kama anayempima mtoto homa. Barafu ilikuwepo. Ilikuwa ngumu na baridi, na hakuelewa kwa nini. Akautoa mkono, akalikaza blanketi vizuri pembeni pasipite upepo.